JASHO LA NANI LIMO KATIKA GARI HILO?

Tarehe 5 Mei, 2022, watu wachache walioalikwa kwa majina walikutana katika makumbusho ya kampuni ya Mercedes-Benz mjini Stuttgart, Ujerumani. Hapakuwa na kengele ya dalali ya kuwaita wapita njia, wala mlango haukuwa wazi kwa kila mtu. Mali iliyonadiwa ilikuwa gari moja tu, Mercedes aina ya 300 SLR iliyoundwa mwaka 1955. Nyundo ilipogongwa, gari hilo lilikuwa limekwenda kwa Euro milioni 135. Mpaka siku hiyo hapakuwa na gari lililopata kujulikana kuuzwa kwa bei kubwa kiasi hicho. Jina la mnunuzi halikutangazwa.

Kwa kiwango cha ubadilishaji wa fedha cha wakati ule, Euro milioni 135 zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 300 za Tanzania. Mwalimu anayepokea shilingi milioni moja kwa mwezi angehitaji kufundisha miaka 25,000, bila kula, bila kulipa kodi ya nyumba na bila kumnunulia mtoto daftari, ndipo apate shilingi bilioni 300. Na baada ya kulinunua gari hilo bado angekwenda kazini kwa miguu, kwa maana magari ya namna hiyo hayanunuliwi ili yaendeshwe. Hununuliwa ili yafungiwe.

Wako watakaosema kwamba mambo ya Stuttgart yaachwe Stuttgart. Mzungu na fedha zake, Mwafrika na jembe lake. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kipimo kinachotumika katika minada hiyo kingebaki huko huko. Lakini hakikubaki. Kipimo hicho kimevuka bahari, kimeingia maofisini, kimekaa katika sherehe za harusi na katika maegesho ya wizara. Kwa hiyo hapana budi kukichunguza: gari la kale la kifahari huthaminiwaje, na katika kuthaminiwa huko ni jambo gani lisiloulizwa kamwe?

CHUMA AU JINA?

Mtu anayenunua gari kwa ajili ya kazi huuliza maswali ambayo kila fundi wa gereji anayajua. Injini inakula oili? Gia zinaingia vizuri? Chesisi imepinda? Vipuri vinapatikana, na kwa bei gani? Maswali hayo yana akili, kwa sababu yanapima utumishi ambao gari litampa mwenyewe.

Mnunuzi wa gari la kale la kifahari ana maswali mengine. Huinama na tochi asome namba ya chesisi na namba ya injini, apate kujua kama ndizo zilizoandikwa gari lilipotoka kiwandani. Huuliza kama rangi ni ile ya kwanza na kama ngozi ya viti haijabadilishwa. Hudai makaratasi: ankara ya kwanza, kadi ya gari, stakabadhi za matengenezo, picha za zamani. Na juu ya yote huuliza: lilikuwa la nani? Magari mawili yaliyotoka kiwanda kimoja katika mwezi mmoja, yenye injini moja na rangi moja, yaweza kupishana bei mara nyingi sana kwa sababu moja lilikuwa la mfalme na la pili lilikuwa la daktari wa meno.

Jambo hili lilipata kuamuliwa hata mahakamani. Gari la Bentley lililopewa jina la "Old Number One" lilishinda mbio za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Miaka sitini baadaye mwenyewe akapatana kuliuza kwa Pauni milioni 10. Mnunuzi akakataa kulipa, akidai kwamba sehemu kubwa ya vyuma vilivyoshinda Le Mans vilikuwa vimekwisha kubadilishwa, na kwa hiyo gari aliloonyeshwa silo lililoandikwa katika mkataba. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini London ilitoa hukumu: gari ni lile lile, kwa kuwa historia yake haikukatika, na mnunuzi lazima alipe. Maana ya hukumu hiyo ni dhahiri. Vyuma vingeweza kwisha vyote, lakini bei isipungue. Kilichouzwa kwa Pauni milioni 10 hakikuwa chuma. Kilikuwa jina.

Ferrari aina ya 250 GTO nayo inatoa somo lake. Kati ya mwaka 1962 na 1964 yaliundwa magari 36 tu ya aina hiyo, na kule Marekani gari moja liliuzwa kwa kiasi cha dola 18,000. Mwaka 2018 moja kati ya hayo liliuzwa mnadani Monterey, California, kwa dola milioni 48.4. Dola ya mwaka 1962 siyo ya mwaka 2018, hilo linajulikana. Hata hivyo bei iliyoongezeka zaidi ya mara 2,600 haielezwi na kupungua kwa nguvu ya fedha peke yake. Je, katika miaka hiyo 56 gari hilo lilizalisha nini? Halikulima hata eka moja. Halikubeba gunia la pamba wala kumfikisha mjamzito hospitali. Bei yake ilipanda kwa sababu wenye fedha wamekuwa wengi kuliko magari.

Na gari lile la Stuttgart? Yaliundwa mawili tu, halafu halikupata kushindana hata siku moja. Sababu moja ni ya huzuni. Tarehe 11 Juni, 1955, katika mbio za Le Mans, gari la 300 SLR, ndugu wa damu wa lile lililonadiwa, liliruka na kuwaangukia watazamaji. Watu zaidi ya 80 wakafa, pamoja na dereva mwenyewe. Mwaka huo ulipokwisha kampuni ikajitoa katika mashindano, na yale mawili yaliyokuwa yakiandaliwa yakabaki bila kazi. Hivyo uchache unaolipiwa mamilioni unakaa jirani na makaburi. Nyundo ya mnada haina desturi ya kusimama ili kuwakumbuka marehemu.

HOJA ZA WATETEZI

Haki yataka hoja za upande wa pili zisikilizwe. Husemwa kwanza kwamba magari hayo ni sanaa, na kwamba jamii isiyotunza kazi nzuri za mikono ya wazee wake ni jamii masikini. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Wafanyakazi waliokunja mabati yale kwa mikono, wakapima silinda kwa uangalifu wa sonara, walikuwa mafundi hodari, na ufundi ni jambo la kuheshimiwa popote duniani. Lakini kati ya Euro milioni 135 fundi yule hakupata hata senti. Alilipwa ujira wake wa mwaka 1955 akaenda zake. Sifa ni ya fundi, faida ni ya mwenye stoo.

Husemwa pili kwamba fedha za Stuttgart zilitengwa kuwa mfuko wa kuwasaidia vijana katika masomo na utafiti wa mazingira. Ni vema, na vijana watakaosoma kwa fedha hizo wasome kwa bidii. Lakini elimu inayongoja tajiri apate hamu ya gari ndipo ipate fedha, hiyo ni sadaka, wala si haki. Shule haziwezi kupangiwa mipango kwa kutazama matamanio ya mtu mmoja.

Husemwa tatu kwamba ni fedha za mtu binafsi, na mtu ana hiari na mali yake. Hapa ndipo penye hila. Katika Uingereza sheria ya kodi huyahesabu magari ya abiria kuwa mali inayochakaa, na kwa sababu hiyo faida ya kuuza gari lako binafsi haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji. Kwa Ford ya mfanyakazi, ambayo kila mwaka hupungua bei, sheria hiyo haina maana yoyote. Lakini tajiri anayenunua gari la kale kwa milioni moja na kuliuza kwa milioni tatu huchukua zile mbili bila kuguswa, kwa kisingizio kwamba mali yake inachakaa! Muuguzi wa London hukatwa kodi ya mshahara wake kabla hajaushika mkononi. Basi si kweli kwamba jambo hili ni la mtu na fedha zake. Ni la jamii nzima, kwa sababu pengo analoliacha mmoja katika hazina hujazwa na wengine.

GARI LA WATAWALA

Kwa Mwafrika, hata hivyo, somo kubwa kuliko yote halimo katika magari ya mashindano. Limo katika gari lililoundwa kwa ajili ya watu wanaopigiwa saluti.

Mwaka 1963 kampuni ya Mercedes-Benz ilionyesha gari lake la 600. Injini yake ilikuwa ya silinda nane na ukubwa wa lita 6.3. Vioo, viti na hata buti viliendeshwa kwa nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa katika mirija, hata kioo kikapanda bila mkono kuchoka. Lile refu, lililoitwa Pullman, lilizidi mita sita. Mpaka utengenezaji ulipokoma mwaka 1981 yalikuwa yametoka 2,677 tu. Leo gari hilo linatafutwa sana na wakusanyaji wa magari ya kale, ingawa kila anayejua mambo humwonya mnunuzi kwamba mirija ile ikianza kuvuja, bei ya matengenezo yaweza kuipita bei ya gari.

Katika orodha ya wenye magari hayo wamo wanamuziki, Elvis Presley na John Lennon. Wamo pia Tito wa Yugoslavia, Ceaușescu wa Rumania, Idi Amin wa Uganda na Mobutu wa Zaire. Majina hayo hutajwa katika vitabu vya wapenda magari kwa fahari, kama mtu anayetaja mashahidi wa harusi. Mpenda magari akilikuta gari lililombeba dikteta hupandisha bei, hapunguzi. Udikteta umekuwa pambo, kama taa za mbele na nembo ya nyota.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kadi ya gari ina nafasi ya jina la mwenye gari. Ina nafasi ya namba ya injini, ya rangi na ya mwaka. Haina nafasi ya jina la aliyelipa. Nani alilipa gharama za fahari ya Mobutu? Mchimba shaba wa Katanga alilipa, na mwalimu wa Kisangani aliyekaa miezi bila mshahara alilipa. Nani alilipa gharama za fahari ya Amin? Mkulima wa kahawa wa Uganda alilipa. Na wananchi wa Kagera walilipa kwa nyumba zao na kwa damu yao mwaka 1978, majeshi yake yalipovuka mpaka. Mthamini aliye hodari aweza kugundua kwamba bawaba ya mlango ilibadilishwa miaka arobaini iliyopita. Jasho la watu milioni halioni.

Na historia haina adabu kwa magari ya watawala. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alikuwa na Rolls-Royce katika banda lake. Siku alipopinduliwa, tarehe 12 Septemba, 1974, askari walimtoa katika jumba lake kwa Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe, naye akaingia kiti cha nyuma. Magari yote yale, pamoja na ngozi zake na nembo zake za dhahabu, hayakuweza kumsogeza hata hatua moja mbali na hasira ya watu walioona njaa ya Wollo.

Wala mchezo huo haukuisha na wazee hao. Mwaka 2019, karibu na mji wa Geneva, Uswisi, yalinadiwa magari 25 yaliyokuwa yamekamatwa na waendesha mashtaka katika uchunguzi uliomhusu Teodoro Nguema Obiang, Makamu wa Rais wa Guinea ya Ikweta na mtoto wa Rais wa nchi hiyo. Hayakuwa makuukuu, bali mengi yao yaliundwa machache kwa makusudi, yapate kuwa adimu siku ile ile ya kuzaliwa. Moja, Lamborghini Veneno isiyo na paa, lilikwenda kwa Faranga za Uswisi milioni 8.3. Mnada wote ulipata kiasi cha dola milioni 27, na ilikubaliwa kwamba sehemu kubwa ya fedha itumike katika huduma za jamii za wananchi wa Guinea ya Ikweta. Angalau hapo, kwa mara moja, swali la jasho la nani liliulizwa kwa sauti. Lakini liliulizwa na Mswisi, katika nchi ya Mswisi.

WABENZI NA WATOTO WAO

Kiswahili kililiuliza swali hilo zamani. Uhuru ulipokuwa bado mchanga, wananchi wa Afrika Mashariki walitazama barabarani, wakaona kabila jipya lisilo na kijiji, wala mila, wala ngoma, linalotambulikana kwa nyota iliyosimama juu ya pua ya gari. Wakalipa jina: Wabenzi. Jina hilo moja lilikuwa uthamini kamili. Halikusema injini ni ya lita ngapi. Lilisema mwenye gari amejitenga na nani.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimwekea kiongozi masharti: asiwe na hisa katika makampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Halikutaja magari, kwa sababu lilishughulika na mti wenyewe na si jani. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Wengine walifurahi, wengine walinyamaza. Lakini kulegezwa kwa masharti hakukuibadili maana ya dhamana, wala hakukumpa mtumishi wa umma ruhusa ya kupima utu wake kwa chuma.

Je, hali ikoje leo? Yuko ofisa anayekopa benki fedha ambazo mshahara wake utazilipa kwa miaka sita, ili anunue Mercedes kuukuu iliyotumika Japani au Uingereza. Analipa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wa gari. Anapeleka gereji mwezi wa kwanza, anapeleka mwezi wa pili. Mwezi wa tatu gari limepandishwa juu ya mawe na majirani wamekwisha kulizoea. Ada za watoto zimechelewa. Ukimwuliza sababu, atasema gari hilo ni "la heshima". Ni kipimo kile kile cha Stuttgart, kilichovaa viatu vilivyochanika! Tajiri wa Ulaya hununua jina kwa fedha ya ziada. Huyu hununua jina kwa unga wa wanawe.

Ofisa huyo ni wa kuonywa na kuhurumiwa. Yuko mwingine wa kuogopwa. Huyo hakopi. Mshahara wake unajulikana, cheo chake kinajulikana, na gari lake jipya halina uhusiano wowote na hayo mawili. Watu wakiliona hawaulizi. Wanasifu. "Mkubwa ameendelea," wanasema. Sifa hiyo ndiyo mbolea ya wizi. Kila mwananchi anayesifu gari bila kuuliza chimbuko lake anafanya kazi ya dalali wa Stuttgart, tena bila ujira.

KIPIMO KINACHOFAA

Kinachotakiwa si kuchukia magari, wala kuwaonea wivu wenye nacho. Nchi kubwa kama hii haiwezi kwenda bila magari, na fundi anayelifufua gari la mwaka 1960 kwa mikono yake na kwa fedha yake halali anastahili pongezi. Nairobi, wapenda magari wa kale wamekuwa wakiyaleta kwa miaka mingi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong ili waamuzi wayachungulie mpaka uvunguni; na wengi wao ni watu waliojinyima ili kuokoa kilichotupwa na wengine. Ugomvi hauko hapo. Ugomvi uko katika bei inayofuta swali.

Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, lipo gari la Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Mnadani Ulaya gari kama hilo lingeitiwa wanunuzi kwa mbwembwe. Pale makumbusho mtoto wa shule hulitazama, na mwalimu wake, kama anaijua kazi yake, humweleza maneno machache: gari hili lilinunuliwa kwa jasho la babu zako likambeba bwana, uhuru ulipokuja likambeba mtumishi wao, sasa halimbebi mtu, ni lako. Huo ndio uthamini ulio kamili. Aliyelipa ametajwa.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke mali zake. Basi tamko hilo lisiwe karatasi ya kufungiwa kabatini. Gari litajwe, bei yake itajwe, na chimbuko la fedha litajwe, kama namba ya chesisi inavyotajwa. Mkaguzi asiridhike na hati ya kununulia. Aulize hati ya kuzalia. Na mwalimu darasani, anapofundisha hesabu za faida na hasara, asiogope kuwapa watoto hesabu hii: gari limeuzwa kwa kiasi hiki, mshahara wa mwenyewe ni kiasi hiki, je, tofauti imelipwa na nani?

Watoto watakaozoea kufanya hesabu hiyo hawatakuwa Wabenzi, wala hawatawapigia makofi Wabenzi. Na siku gari refu litakapopita kijijini likiwa limefunga vioo, hawatakimbilia vumbi lake wakishangilia. Watasimama kando ya barabara, waisome namba yake, na waulize: jasho la nani limo ndani yake?